Kiwanda Kifuani mwa Kinanda

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, daktari wa zahanati alikisugua kipimo chake kwenye suruali ili kisiwe cha baridi, akakiweka mgongoni mwa mtoto wa miaka sita na kumwambia avute pumzi. Mtoto akavuta. Daktari akasikia cherehani nyingi zikienda kwa pamoja, feni moja iliyolegea skrubu, na mwanamke akiuliza nani kachukua brashi yake.

"Vuta tena," alisema.

Mtoto akavuta tena. Brashi ilikuwa imeshapatikana.

Daktari alikitoa kipimo masikioni, akakining'iniza shingoni, akamgeukia baba wa mtoto aliyekuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini.

"Nyumbani kwenu nani anafanya kazi kiwandani?"

"Mama yake," baba alisema. "Kiwanda cha viatu. Yuko kitengo cha gundi."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya huyu ina miezi mitatu."

Daktari aliandika "pumu", na chini yake akaandika "viatu". Alieleza kwamba ndivyo alivyosikia, ila alitaka kuhakikisha, maana wiki iliyopita alimchanganya mtoto wa seremala na mtoto wa mpaka rangi magari. Wa mbao ndio wabaya zaidi, alisema, msumeno ukianza ghafla unaumiza masikio. Akatoa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kopo dogo la bluu, akaonyesha linavyotikiswa na linavyobonyezwa. Mama abadilishe nguo kabla ya kumkumbatia mtoto. Afunike nywele akiwa kazini. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na ikiwezekana atafute kazi nyingine. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ile ile ambayo watu huambiwa wanywe maji kwa wingi.

Mtoto huyo mtaani aliitwa Kinanda. Jirani mmoja alimpa jina hilo kabla hajaota meno, kwa jinsi kifua chake kilivyokuwa kikilia kila anapopumua, na likamganda mpaka mwalimu akawa analiita wakati wa mahudhurio. Mama yake akawa Mama Kinanda, nyumbani na kiwandani. Baba yake alitengeneza redio kwenye meza iliyokuwa nje ya mlango wa chumba chao, na watu walimwita Fundi, basi.

Jioni ile Mama Kinanda alirudi na harufu yake ya kila siku, tamu kidogo, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kinanda aliipenda harufu hiyo. Tangu akiwa mchanga hakulala bila kitambaa cha kichwa cha mama yake, amekikumbatia na kukibana puani, na wazazi walizoea kujisifu kwamba Mungu amewapa mtoto asiye na usumbufu wa kulala.

"Usimguse kwanza," Fundi alisema.

Akamweleza yote huku mtoto amesimama katikati yao, mikono ameinyoosha. Mama Kinanda alinawa mpaka kwenye viwiko, akabadilisha nguo, akapiga magoti na kuweka sikio kifuani mwa mwanawe.

"Hiyo feni," alisema hatimaye, "nimewaambia tangu mwaka juzi."

Kisha akasema hao ni wa zamu ya jioni, na huyo anayecheka ni yule mrefu wa kwenye visigino.

"Inauma, mwanangu?"

"Haiumi," Kinanda alisema. "Inabana."

Kitambaa kilitolewa kikatundikwa nje kwenye kamba. Kinanda alikililia siku tatu, ya nne akalala na kanzu kuukuu ya baba yake.

Fundi alikuwa mtu wa mawimbi na nyaya, kwa hiyo jambo lenyewe hakulionea shida. Alichukua mpira wa kunyonyea mafuta, akauosha kwa sabuni mara mbili, akachomeka faneli ya kumiminia upande mmoja, akawa na kipimo chake mwenyewe. Aligundua kwamba mtoto akilala ubavu wa kushoto sauti zinakuja safi, na kwamba siku za mvua zinakwaruza. Akawa anasikiliza asubuhi kabla mtoto hajaenda shule, na mchana akisharudi, si kwa udaku, alijiambia, bali kujua hali.

Shuleni mwalimu alimhamishia Kinanda kiti cha nyuma, karibu na mlango. Hakuwa na ubaya naye. Alimweleza Fundi kwamba wakati wa imla wenzake wanaokaa naye wamekuwa wakiandika maneno ya msimamizi wa kiwanda, na mmoja aliandika "tia bidii mama, soli hazijibandiki zenyewe" katikati ya hadithi ya sungura.

Kwa njia hiyo Fundi akaujua mchana wa mke wake, ambao kwa miaka saba ulikuwa mlango uliofungwa. Alijua sasa kwamba anakaa nafasi ya tatu kutoka mlangoni. Alijua anaimba kwa sauti ya chini na kwamba huambiwa anyamaze. Siku moja alimsikia akiwaambia wenzake, "Mume wangu anatengeneza redio za mtaa mzima. Ya kwetu mwaka wa pili huu inakoroma." Wanawake wakacheka, na kifua cha Kinanda kikatikisika kwa vicheko vya watu tisa. Fundi akaishusha redio yao kutoka juu ya kabati akaitengeneza siku hiyo hiyo.

Mama Kinanda aliporudi aliikuta inaimba. Akaitazama redio, akamtazama mumewe.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Na lile la soksi?"

"Hilo nalo."

Akaenda kunawa.

Yapo mengine aliyoyasikia asiyoyasema. Karibu kila siku, baada ya saa nane, brashi ya mke wake ilisimama, na sauti yake ikasema, "Subirini kidogo, dunia inazunguka." Kisha brashi ikaendelea. Jioni alipomuuliza kazi imekwendaje, alijibu kwamba kazi ni kazi, na Fundi akamtilia chai bila kumtazama usoni.

Siku ya kwanza ya mwezi uliofuata, Fundi alisikia viatu vigumu vikitembea kwenye saruji. Alivifahamu: vya meneja. Nyuma yake ilikuja sauti ya msimamizi, mwanamke mwenye mafua yasiyoisha.

"Bosi, ile barua ya watengenezaji wa gundi umeiona? Wanasema isitumike ndani bila mashine za kunyonya hewa kutoa nje."

"Wameandika kwa lugha gani?"

"Ya kwao."

"Basi wanawaandikia watu wa kwao."

"Na madirisha? Tuyafungue angalau ya upande mmoja?"

"Vumbi likiingia linakaa kwenye gundi, viatu vinarudishwa. Yaache na mbao zake zilizopigiliwa."

"Wanakohoa, bosi."

"Msimu huu kila mtu anakohoa."

Msimamizi akapenga kamasi. Meneja akaongeza kwamba barakoa na glavu zibaki stoo kwenye maboksi yake mpaka siku ya wageni, zisije zikachakaa.

Fundi aliyaandika yote kwenye daftari, na saa aliyoyasikia. Kesho yake alimvalisha Kinanda gauni la kutokea, wakaenda ofisi ya kazi.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, akalamba kidole kila alipofunua. Kisha akainama mbele ya mtoto.

"Mwanangu, naomba ruhusa nikusikilize."

Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwomba ruhusa. Kinanda alifungua vifungo mwenyewe akalala ubavu wa kushoto kwenye kiti kirefu cha wageni, kama alivyozoea. Mkaguzi alisikiliza kwa faneli robo saa nzima. Aliposimama alikuwa amekunja uso.

"Watu wanafanya kazi kwenye mtungi uliozibwa," alisema.

Akatoa fomu. Wakaijaza vizuri mpaka walipofika kwenye nafasi ya shahidi. Shahidi, kwa mujibu wa fomu, ni mtu aliyepata kuingia ndani ya kiwanda.

"Huyu amepata kuingia?" mkaguzi aliuliza.

"Hapana," Fundi alisema. "Kiwanda ndicho kilichoingia kwake."

Mkaguzi aliigeuza fomu upande wa pili, akatafuta, akairudisha. Nafasi ya namna hiyo haikuwepo. Alisema si neno, atakwenda mwenyewe akaone kwa macho yake. Ila sheria inamtaka awaandikie wenye kiwanda siku saba kabla, na aliomba radhi kwa hilo.

Alikwenda Alhamisi. Siku hiyo Fundi hakuweka kazi yoyote mezani. Saa mbili asubuhi alisikia nyundo iking'oa misumari, mbao zikianguka, kisha madirisha yakilalamika moja baada ya jingine. Alisikia maboksi yakipasuliwa na msimamizi akiwaelekeza watu namna ya kufunga barakoa. Saa tatu Kinanda alivuta pumzi, ikaingia mpaka chini, ikatoka bila kupiga mluzi.

Akavuta nyingine kuhakikisha.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kinanda alitoka nje uani akaruka kamba. Aliruka mpaka wenzake wakachoka kuizungusha, akatafuta wengine. Alikimbia hadi kona ya barabara akarudi, akakimbia tena bila kutumwa. Mashavu yalikuwa yamepata rangi. Fundi alikaa mlangoni akimtazama, faneli mkononi, na hakumwita kula mpaka chakula kikapoa. Jirani mmoja alipita akasema, "Mtoto wako leo kaamkia upande mzuri," na Fundi akamwambia ndiyo.

Saa kumi alasiri Kinanda alisimama katikati ya uwanja. Akaketi chini. Fundi alipomfikia alisikia hata bila faneli: mbao zilikuwa zinapigiliwa.

Wiki iliyofuata alirudi ofisi ya kazi. Mkaguzi alimpokea kwa heshima na kumwonyesha ripoti. Hewa ya kutosha. Barakoa zipo. Glavu zipo.

"Ulisikia kwa masikio yako mwenyewe," Fundi alisema.

"Nilisikia."

"Basi?"

"Fomu inauliza nilichokiona. Nilichokiona ni madirisha yaliyo wazi." Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa shati. "Ndugu yangu, humo ndani nilivuta hewa nzuri. Niandike nini?"

Fundi alitaka kumweleza habari za kamba, jinsi mtoto alivyoruka mpaka wenzake wakachoka. Akaona haina pa kuandikwa, akaaga.

Kisha ikaja oda ya viatu vya shule. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na kila mzazi wa nchi nzima alikuwa akitafuta viatu vyeusi. Kiwanda kiliongeza saa, kikafungua na mapipa ya gundi mpya, na kifua cha Kinanda kikaacha kupumzika. Alikula kwa shida. Alizungumza maneno mawili mawili. Jumatatu mchana midomo yake ilianza kuwa ya kijivu, na Fundi akambeba mgongoni akakimbia naye zahanati.

Daktari aliweka kipimo akakitoa upesi.

"Wamewasha kila kitu," alisema, akaagiza mtungi wa hewa.

Walimvisha mtoto kifuniko cha plastiki puani. Fundi alimkalisha mapajani, na kwa vile mgongo wa mtoto ulikuwa umeegemea kifuani mwake, aliisikia brashi ya mke wake ikienda mbele na nyuma, mbele na nyuma, upesi kuliko siku zote. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulijaribu. Aliinama, akaweka mdomo karibu na mbavu za mwanawe.

"Mke wangu," alisema. "Tuko zahanati."

Brashi ikasimama.

Haikupita nusu saa Mama Kinanda akawa mlangoni, aproni mwilini, gundi imekauka vidoleni kama ngozi ya pili. Muuguzi alimnyooshea kiganja kabla hajavuka kizingiti.

"Samahani mama. Kwa harufu hiyo, bakia hapo hapo."

Akabakia. Alimtazama mwanawe akiwa kizingitini, saa mbili na nusu, mikono ameificha nyuma. Kinanda alimpungia vidole. Mama naye akatoa mkono mmoja akampungia, kisha akaurudisha nyuma.

Kesho yake alikwenda kumwambia msimamizi kwamba anaacha kazi. Msimamizi alipenga kamasi, akasema amesikitika, akamwomba aiache aproni. Mama Kinanda alirudi nyumbani akanyoa nywele zote, akakata kucha mpaka kwenye nyama, akasugua godoro, akaosha kuta kwa maji ya sabuni. Nguo za kazi alizichoma moto mbali na nyumba, upande ambao upepo unaondoka. Akaanza kufua nguo za watu. Wakakaa kusubiri kifua cha mtoto kinyamaze.

Juma la kwanza mluzi ulipungua, wakashikana mikono. Juma la tatu ulikuwa pale pale, haujapungua zaidi. Asubuhi cherehani zilianza kama kawaida, jioni wa zamu nyingine wakaingia, na yule mrefu wa kwenye visigino aliendelea kucheka. Walirudi kwa daktari.

"Alitakiwa awe kimya sasa," Mama Kinanda alisema. "Mimi simo tena mle."

"Wewe humo, mama. Kiwanda kimo." Daktari alikuwa akiandika dawa nyingine, kopo la rangi ya kahawia, la kuvuta asubuhi na jioni hata siku anapojisikia mzima. "Kikishaingia kinaendelea na kazi zake. Kitapungua akikua, au hakitapungua. Wapo wakubwa ninaowatibu, viwanda vyao vilifungwa zamani na bado vinanguruma."

Mama Kinanda alikunja karatasi ya dawa mara nne akaitia kifuani.

Alasiri moja, nguo zimeanikwa na Kinanda amerudi kutoka shule, alichukua faneli akamsikiliza mwanawe kwa mara ya kwanza tangu aache kazi. Nafasi ya tatu kutoka mlangoni ilikuwa imepata mtu. Alimjua kuwa ni mgeni kwa jinsi alivyogonga brashi kwenye ukingo wa kopo, mara tano, mara sita, pale ambapo mara moja ingetosha. Msimamizi alimwita bibi harusi, kwa sababu ya kuogopa kuchafuka. Baadaye Mama Kinanda alimsikia akimwambia mwenzake wa pembeni kwamba ana mtoto wa miezi minne anayelala vizuri sana, ila siku hizi akipumua anakoroma kama paka.

Mama Kinanda aliiweka faneli chini.

"Mama, nikae?" Kinanda aliuliza.

"Subiri kidogo, mwanangu."

Akainama kama mumewe alivyomsimulia, midomo karibu na mbavu.

"Dada," alisema. "Wewe wa nafasi ya tatu. Mimi ndiye niliyekaa hapo kabla yako. Hiyo unayoiona kwa mwanao siyo mafua. Inatoka humo. Inapanda kwenye nguo zako na nywele zako unakwenda nayo nyumbani. Ondoka, dada."

Kule ndani brashi ilisimama.

"Nimekusikia, dada," sauti ilisema polepole, ili msimamizi asisikie. "Niende wapi?"

Mama Kinanda alitazama beseni, na kamba iliyojaa mashuka ya watu. Fundi, mezani kwake, alikuwa ameacha kuyeyusha risasi ya kuunganishia nyaya na anamtazama. Mtoto aliendelea kulala ubavu wa kushoto, akihesabu nyufa za ukuta kwa kidole.

"Upo?" sauti iliuliza.

"Nipo."

"Hii brashi unaishikaje? Gundi inanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko."

Mama Kinanda alikaa vizuri chini, miguu akaikunja.

"Ishike karibu na manyoya," alisema. "Usiichovye yote, chovya ncha. Anzia kisigino uje mbele, usirudi nyuma. Na funika nywele, dada, funika mpaka masikio. Ukifika nyumbani usimguse mtoto kabla hujanawa."

"Nanawa wapi? Bomba la huku limekatwa."

"Nawa nyumbani, kwenye ndoo, nje."

Ikawa ndiyo kazi yao ya alasiri. Kinanda akirudi kutoka shule alikula, akalala ubavu dakika kumi, mama yake akamfundisha yule mwanamke kazi, kisha akaachiwa akafanye hesabu zake. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mama akizungumza anasikia kutekenywa. Yule mwanamke alikuwa mwepesi wa kuelewa. Juma la pili hakugonga kopo tena. Juma la tatu alijua kupanga soli kumi kwa pamoja, kupaka mfululizo bila kuinua mkono, akawapita hata wazee wa kitengo. Wa nafasi ya nne na ya pili walianza kumwiga, na wa nne akaanza kuwafundisha wa tano.

Mwisho wa mwezi Fundi na mkewe walimsikia msimamizi akisimama nyuma ya nafasi ya tatu. Alisema hajaona kasi kama hiyo tangu aanze kazi, na kwamba kwa mwendo huu kitengo kitapewa mapipa mawili zaidi kwa siku. Yule mwanamke akashukuru.

Mama Kinanda alitabasamu, kwa sababu ile kazi aliijua na alijua ni nzuri. Kisha Kinanda akaanza kukohoa, saa nzima kabla ya saa yake ya kawaida, naye akainuka kwenda kutafuta kopo la bluu.